Kupima mzunguko wa galaksi yetu ukiwa Mtwara au Lindi: antena ya bati, takwimu za bure au darubini ya mbali?

Walimu wa fizikia na vijana wa klabu za sayansi huku kusini, kuanzia Kilwa hadi Newala, wakisikia kwamba hata shule isiyo na darubini inaweza kupima kasi ya mzunguko wa galaksi yetu, swali lao la kwanza huwa "tununue nini?" Naona swali hilo linakuja mapema mno. La kuanza nalo ni hili: mnataka kujua nini hasa? Ndani ya kazi hii moja mna maswali mawili. La kwanza ni kasi yetu sisi, yaani Jua pamoja na sayari zake, kuzunguka kitovu cha Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu. La pili ni jinsi kasi inavyobadilika kadiri unavyosogea karibu na kitovu au mbali nacho. Kifaa kinachojibu la pili vizuri kinaweza kisijibu la kwanza hata kidogo.

Ugumu unatokana na mahali tulipo. Mtu aliye kwenye ngalawa usiku katika ghuba ya Mikindani, pwani hakuna taa hata moja, na ngalawa nyingine zinakwenda upande uleule, anaweza kujua ipi inamwacha na ipi anaiacha. Kasi yake mwenyewe hawezi kuijua mpaka aone kitu kisichosogea. Nasi tumo ndani ya galaksi tunayoipima, na karibu kila kitu tunachokiona ndani yake kinazunguka pamoja nasi.

Kitu kilichotulia kipo, nacho ni Sagittarius A*, shimo jeusi lenye uzito wa Majua kama milioni 4, katikati kabisa ya galaksi. Mwaka 2020 Mark Reid na Andreas Brunthaler walichapisha kipimo chao: kila mwaka linaonekana kusogea angani, kufuata ukanda wa galaksi, kwa sehemu 6.411 za elfu moja za sekunde ya nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Mwendo huo karibu wote ni wetu. Umbali wa kulifikia ulipimwa na kundi la GRAVITY mwaka 2019 kwa darubini kubwa za Chile, ukawa kiloparseki 8.178, yaani kama miaka ya nuru 26,700. Zidisha 6.411 kwa 8.178, kisha kwa 4.74 inayobadili vipimo hivyo kuwa kilomita kwa sekunde, upate kama 248. Katika hizo, kama 12 ni mwendo wa ziada wa Jua lenyewe, linalowapita kidogo majirani zake. Zinabaki kilomita 236 kwa sekunde.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni. Kipimo chenyewe ndicho kisichowezekana shuleni, kwa sababu kilihitaji VLBA, mtandao wa antena 10 zenye upana wa mita 25 kila moja, zilizotawanywa kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi. Kwa hiyo anayetaka swali la kwanza tu, "tunakwenda kasi gani?", asinunue chochote. Achukue chaki.

Wanaotaka kupima wenyewe wana njia nne za kuchagua, na hazilingani.

Antena ya bati

Hii ndiyo inayowavutia wengi, na nadhani wana haki. Gesi ya haidrojeni imejaa kwenye ukanda wa galaksi, nayo hutoa wimbi la redio lenye masafa ya megahezi 1420.406, urefu wake sentimita 21. Mholanzi Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944. Tarehe 25 Machi 1951, Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa pale Harvard kwa antena ya umbo la tarumbeta waliyoichomoza nje ya dirisha la maabara. Antena ile ilikuwa ya mbao zilizofunikwa kwa shaba, kazi ambayo seremala na fundi bati wa Mtwara mjini wangeimaliza vizuri. Wimbi la sentimita 21 hupita kwenye mawingu na kwenye vumbi la anga za mbali, na hunaswa hata mchana. Tena masafa kati ya megahezi 1400 na 1427 yamelindwa duniani kote, hairuhusiwi kurusha matangazo humo.

Gesi inayotukimbia masafa yake hushuka, inayotujia masafa yake hupanda. Kila kilomita moja kwa sekunde ni kilohezi 4.74. Hata kasi ya kilomita 200 kwa sekunde haifikishi megahezi moja, ndiyo maana kipokezi kidogo cha RTL-SDR, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinatosha kabisa: kinapokea upana wa megahezi 2.4 kwa mara moja.

Jambo zuri zaidi ni jiometri yake. Ukielekeza antena upande wa ndani wa galaksi, mstari wako wa kutazama unakatiza mizunguko mingi ya gesi. Gesi yenye kasi kubwa kuliko yote kwenye mstari huo ni ile iliyo mahali ambapo mstari unakaribia kitovu kuliko popote, maana hapo mwendo wake wote umelala juu ya mstari wako. Tupaite nukta ya mguso. Umbali wa nukta hiyo kutoka kitovu ni R₀ × sin l, ambapo R₀ ni umbali wetu sisi na l ni longitudo ya galaksi unayotazama, yaani pembe kutoka kitovu ukifuata ukanda wa galaksi. Kasi yake ni ile uliyoisoma kwenye ukingo wa spektra (mchoro wa nguvu ya wimbi kwa kila masafa), ujumlishe V₀ × sin l, ambapo V₀ ni kasi yetu sisi kuzunguka kitovu.

Tuseme umetazama l = 30° na ukingo wa spektra ukaishia megahezi 1419.885. Masafa yameshuka kwa kilohezi 521, sawa na kilomita 110 kwa sekunde. Sin 30° ni 0.5, kwa hiyo gesi hiyo iko kiloparseki 4.1 kutoka kitovu. Ukichukua V₀ kuwa 220, kasi ya gesi ni 110 + 110 = 220. Ukichukua 236, inakuwa 228.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. V₀ ni kasi yetu wenyewe, na antena haikukupa, umeiazima. Ukiazima namba nyingine, grafu yako nzima inainama kwa kiasi kingine. Antena ya bati haiwezi kukuambia kwamba Jua linakwenda 220 au 236. Inakuambia kitu kingine chenye thamani kubwa: kwamba gesi iliyo nusu ya umbali wetu kutoka kitovu haikimbii kwa kasi tofauti sana na sisi. Sayari hazifanyi hivyo. Zebaki huliacha Jupita mbali kabisa kwa kasi, kwa sababu uzito karibu wote wa mfumo wa Jua uko katikati. Galaksi haiko hivyo, na kijana akilichora jambo hilo kwenye grafu kwa namba alizozipata mwenyewe, ameshika mwanzo wa hoja iliyowafikisha wanasayansi kwenye mada iliyofichika, ile isiyotoa mwanga.

Sasa faida ya huku kwetu, ambayo sisikii ikisemwa vya kutosha. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kitovu cha galaksi kiko nyuzi 29 kusini mwa ikweta ya anga. Maana yake kitovu kinapita nyuzi 19 tu kutoka utosini. Upande wa longitudo 30° unapita karibu kabisa na utosi. Upande wa pili, longitudo 330°, unafika nyuzi 48 juu ya upeo. Hata 300°, kule kwenye Msalaba wa Kusini, unafika 38. Anayeishi Ulaya ya kaskazini haoni kamwe upande huo wa pili wa galaksi ya ndani. Sisi tunaona zote mbili, kushoto na kulia kwa kitovu, kwa antena ileile.

Si faida ndogo. Mwaka 1962 Frank Kerr, aliyefanya kazi Australia, alionyesha kwamba mzunguko uliopimwa upande wa kusini (ule wa 330°) haukulingana na uliopimwa upande wa kaskazini (ule wa 30°), akapendekeza kwamba ujirani wote wa Jua unasogea nje kwa kama kilomita 7 kwa sekunde. Maelezo yake yalijadiliwa kwa miaka mingi. Tofauti yenyewe ipo, na galaksi halisi haizunguki kwa miduara safi kama ya kwenye daftari. Klabu ya Masasi au ya Nachingwea ina uwanja wa kulinganisha pande mbili ambao klabu ya Stockholm haina.

Majira nayo yanatufaa. Saa tatu usiku, upande wa kusini wa galaksi ya ndani uko juu kabisa kati ya Mei na Julai, kitovu chenyewe mwanzoni mwa Agosti, na upande wa kaskazini kutoka mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Ni kiangazi chote, mvua zimeshapita. Mvua haizuii wimbi, lakini inazuia watu na kompyuta kukaa uwanjani.

Kuhusu kutengeneza, nitasema yale yanayoharibu kazi zaidi. La kwanza ni kisanduku cha nyuma ya tarumbeta, kinachopokea wimbi. Watu huona debe la mafuta la lita 20 likifaa, na kwa macho linafaa kweli. Ila upana wake ni kama sentimita 23, na kisanduku chenye upana unaozidi sentimita 21 kinaruhusu wimbi hili lipite kwa zaidi ya mtindo mmoja, matokeo yake unapoteza nguvu bila kujua sababu. Kikiwa chini ya sentimita 10.6 wimbi halipiti kabisa. Mwambie fundi bati akukunjie chenye upana wa sentimita 16 na kimo cha 8. Ndani yake simama kijiti cha shaba cha sentimita 5 hivi, umbali wa sentimita 7 kutoka ukuta wa nyuma. Kwa mdomo wa tarumbeta, sentimita 75 kwa 60 ni ukubwa mzuri. Unaweza kuwa wa boksi gumu lililobandikwa foili ya aluminiamu.

La pili ni amplifaya. Usiunganishe antena moja kwa moja na kipokezi, hutaona kitu. Inatakiwa amplifaya ya kelele ndogo yenye kichujio cha megahezi 1420, iwekwe palepale kwenye antena kabla ya waya mrefu. Hiyo na kipokezi ndivyo vitu viwili vya kuagiza nje, kila kimoja kama dola 30 hadi 45 bila usafiri wala ushuru. Chagua kipokezi chenye saa ya ndani iliyotulizwa dhidi ya joto: kosa la sehemu moja kwa milioni ni chini ya nusu kilomita kwa sekunde, wakati vile vya bei ya chini kabisa vinaweza kukosea kwa sehemu 50, na hapo umeshakosea kilomita 15.

La tatu ni mahali. Chaja za bei rahisi na taa za LED zina kelele nyingi za redio, kwa hiyo tumia kompyuta mpakato kwa betri yake, mbali na jengo. Pwani kuna chumvi, na kwenye mikorosho kuanzia Juni kuna salfa inayopulizwa. Vyote viwili ni adui wa viungo vya shaba. Vifunike kwa plastiki na utepe.

Mwisho, udhaifu ambao hakuna fundi wa kuuondoa: antena ya ukubwa huo inaona kipande cha anga chenye upana wa kama nyuzi 20. Ukitazama longitudo 30°, unachanganya gesi ya 20° na ya 40°, na kwa kuwa gesi ya 20° kwa kawaida ina ukingo wa kasi zaidi, unaelekea kusoma namba kubwa kuliko haki. Chini ya longitudo 20° usipime kabisa, maana huko katikati ya galaksi kuna mkusanyiko wa nyota wenye umbo la fimbo, unaoivuruga gesi isiende kwa miduara.

Spektra zilizokwisha kupimwa

Kama swali lenu ni umbo la mzunguko, na hakuna fedha ya kuagiza vifaa, njia hii inashinda antena kwa usahihi, tena kwa mbali. Anga lote limeshapimwa kwenye wimbi la sentimita 21. Kazi iitwayo LAB ilikamilika mwaka 2005 kwa kuunganisha vipimo vya Uholanzi na Argentina. Mwaka 2016 ikafuata HI4PI, iliyounganisha darubini ya Effelsberg ya mita 100 huko Ujerumani na ile ya Parkes ya mita 64 huko Australia. HI4PI inaona kipande cha anga chenye upana wa robo ya nyuzi tu, karibu mara 75 finyu kuliko tarumbeta yenu.

Chuo Kikuu cha Bonn kimeweka ukurasa ambapo unaandika longitudo na latitudo ya galaksi (pembe juu au chini ya ukanda), nao unakupa spektra ya mahali hapo kama safu mbili za namba. Faili ni dogo, bando la kawaida la simu linatosha. Kasi zimeshasahihishwa, mwendo wa Dunia kuzunguka Jua umeondolewa, jambo ambalo mwenye antena lazima alifanye mwenyewe na ambalo likisahaulika linaleta kosa la hadi kilomita 30 kwa sekunde kutegemea mwezi wa kipimo. Darasa linaweza kugawana: kundi moja lichukue longitudo 20° hadi 80° kwa hatua za nyuzi 5, jingine 280° hadi 340°. Upande wa kwanza mnasoma kasi kubwa kabisa ya gesi inayotukimbia, upande wa pili kasi kubwa kabisa ya gesi inayotujia. Grafu ya karatasi inatosha.

Inachokosa ni kushika. Mwanafunzi hajui kelele ni nini wala ukingo wa spektra unapatikana kwa jasho gani. Kwa kundi la kidato cha nne linalotaka jibu safi ndani ya vipindi viwili, sioni kama hilo ni kosa. Kwa kijana anayetaka kuwa mhandisi wa mawasiliano, ni hasara.

V₀ bado ni ya kuazima. Usichanganye namba za zama mbili: vitabu vingi na programu nyingi bado vinatumia jozi ya mwaka 1985 ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, R₀ ya kiloparseki 8.5 pamoja na V₀ ya 220. Tumia jozi hiyo yote, au tumia mpya yote. Nusu kwa nusu inatoa grafu ambayo haina maana.

Darubini ya Onsala

Nchini Sweden, kituo cha Onsala kina darubini ndogo za redio ziitwazo SALSA, upana wa mita 2.3, zilizotengwa kwa ajili ya elimu. Unaweka nafasi mtandaoni bila malipo, unaiongoza darubini ukiwa Lindi, nayo inakuletea spektra. Kipande cha anga inachoona ni kama nyuzi 6 au 7, kwa hiyo ni bora kuliko tarumbeta na ni hafifu kuliko HI4PI. Wanafunzi wanafurahi kuona kitu halisi kikigeuka kwa amri yao.

Nisingeichagua kama njia kuu kwa shule za huku. Onsala iko nyuzi 57 kaskazini, kitovu cha galaksi kinafika nyuzi 3 au 4 tu juu ya upeo wao, na upande wote wa longitudo 280° hadi 340° hawauoni. Ni kuacha anga lililoko juu ya paa lako ukaazime la mtu ambalo ni pungufu. Tena inahitaji mtandao usiokatika kwa muda wote uliopangiwa, na umeme ukikatika zamu yako imepita.

Nyota za Gaia

Njia hii ni ya namna nyingine kabisa, nayo ndiyo pekee kati ya hizi nne inayoweza kugusa swali la kwanza kwa kazi ya wanafunzi wenyewe. Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya kilirushwa 19 Desemba 2013, kikaacha kukusanya vipimo 15 Januari 2025. Toleo la tatu la takwimu zake, la 13 Juni 2022, lina nyota karibu bilioni 1.8, na kwa zaidi ya milioni 33 kuna pia kasi ya kutujia au kutukimbia. Ni bure kwa yeyote.

Mwaka 1927 Mholanzi Jan Oort alionyesha kwamba mzunguko wa galaksi unaacha alama hata kwenye nyota za jirani. Nyota za ndani kidogo zinatupita, za nje kidogo zinabaki nyuma, na ukichora mwendo wao angani dhidi ya longitudo unapata mawimbi mawili katika duara moja. Kimo cha mawimbi hayo ni namba inayoitwa A, na kiasi ambacho grafu yote imeshushwa kinatoa B. A ukitoa B ni kasi ya mzunguko wetu kwa kila kiloparseki. Jo Bovy, kwa takwimu za kwanza za Gaia, alipata mwaka 2017 A ya 15.3 na B ya −11.9. Tofauti yake ni 27.2. Zidisha kwa 8.178, unapata kilomita 222 kwa sekunde, na duara moja linachukua kama miaka milioni 226. Kwa watu wa Lindi ninaisema hivi: dinosaria wa Tendaguru, wale mijusi wakubwa, waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, na tangu wakati huo Jua halijamaliza hata raundi moja. Limefika theluthi mbili hivi.

Ugumu wa Gaia ni hesabu. Lazima mtu ajifunze kuandika ombi la takwimu kwa lugha ya ADQL, asipakue mamilioni bali nyota elfu kadhaa za umbali uliochaguliwa, kisha atenganishe mwendo wa Jua lenyewe, unaojichanganya na mawimbi ya Oort. Excel inaweza, Python inarahisisha. Bila mwalimu anayeijua trigonometria ya kidato cha tano vizuri, wanafunzi watabaki wanabonyeza.

Gaia inakwenda pia mahali ambapo haidrojeni haifiki. Nukta ya mguso ipo tu ndani ya mzunguko wetu. Ukitazama nje, mstari haugusi chochote, na hujui gesi iko umbali gani. Nyota zina umbali uliopimwa. Mwaka 2019 Anna-Christina Eilers na wenzake walitumia nyota nyekundu kubwa, zaidi ya 23,000, kutoka kiloparseki 5 hadi 25, wakapata kilomita 229 kwa sekunde mahali petu, na kasi inayoshuka polepole, 1.7 kwa kila kiloparseki. Mwaka 2023 wengine, kwa toleo la tatu la Gaia, wakaripoti kwamba baada ya kiloparseki 19 kasi inashuka kwa haraka zaidi, na kiasi cha mada iliyofichika kinachohitajika kikapungua. Ubishi huo bado ni wa moto. Anayevutwa na mada iliyofichika ajue kwamba antena ya bati itamfikisha mlangoni tu. Ndani kunaingiwa kwa nyota.

Mtakuwa mmeona tumepata 236, 229 na 222 kwa kitu kimoja. Msihangaike kutafuta aliyekosea. Shimo jeusi linapima mwendo wetu moja kwa moja kisha linatakiwa kuondolewa mwendo wa ziada wa Jua. Nyota za jirani zinapima mteremko wa mahali hapa tu, ambapo mikono ya galaksi (mikanda yake iliyojikunja) inazivuta huku na huko. Njia ya nyota nyekundu inadhani galaksi imetulia na ina ulinganifu. Dhana tatu, namba tatu, zote ndani ya asilimia chache.

Ningechagua hivi

Kwa shule ya kidato cha kwanza hadi cha nne, isiyo na bajeti, ningechukua spektra za Bonn bila kusita, pande zote mbili za kitovu, nikiazima 236 na 8.178 kwa uwazi na kuwaambia wanafunzi zimetoka wapi.

Kwa shule ya kidato cha tano na sita yenye mwalimu mmoja anayependa umeme, ningejenga antena, na ningeijenga kwa ajili ya kulinganisha pande mbili. Wanaoanza kidato cha tano Julai wanakuta upande wa kusini bado uko juu jioni, wanapima, kisha Septemba wanapima wa kaskazini kwa mkao uleule wa kifaa. Baada ya hapo ndipo wachukue spektra za HI4PI za longitudo zilezile waziweke juu ya zao. Pale zinapoachana wataona upana wa nyuzi 20 unavyofanya kazi yake, na wataelewa kifaa chao kuliko kwa maelezo yoyote ya mwalimu.

Kwa mwanafunzi wa chuo, au kijana mmoja mwenye kompyuta na mtandao wa kutegemewa, Gaia. Aanze na nyota zilizo ndani ya nusu kiloparseki, atafute A na B zake mwenyewe, na asifungue matokeo ya Bovy mpaka awe na namba zake.

SALSA ningeitumia kwa jioni moja, kabla ya kuagiza vifaa, ili kundi lione spektra ya haidrojeni inavyofanana na lijue linatafuta nini. Ombeni nafasi wakati kundinyota la Cygnus liko juu kule Sweden, longitudo 80° hivi, ambako darubini yao inaona vizuri, na linganisheni na mtakachopata nyinyi Septemba: huku Cygnus inafika zaidi ya nyuzi 30 juu ya upeo wa kaskazini, chini kuliko kwao, lakini inatosha.